Popo darini: usizibe tundu kabla hujajua wanakotokea

Nyumba yangu ya kwanza, ya bati na dari ya jipsamu huko Tanga, ilinifundisha somo hili kwa harufu. Nilisikia popo darini, nikamwita fundi mchana wa Jumamosi, tukaziba kila mwanya tuliouona kwa saruji na silikoni. Jioni ile hakutoka popo hata mmoja, nikalala nikijisifu. Kesho yake wakaanza kushuka vyumbani kupitia tundu la taa. Siku ya nne nyumba nzima ilinuka mzoga, na iliendelea kunuka kwa karibu wiki tatu, mpaka tukang'oa bodi mbili za dari na kuzoa mizoga kwa koleo. Tuliwafungia ndani.

Tangu hapo nimepanda kwenye madari ya majirani na ndugu kadhaa, na karibu kila mara nakuta kosa lilelile: mtu ameanza na kazi ya mwisho. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na ya kwako, lakini sehemu ya kutafuta tundu usiiruke hata kama una haraka.

Kuna kelele darini. Ni popo kweli?

Panya hukimbia. Unasikia miguu kutoka kona hadi kona, halafu meno yakitafuna mbao, na kelele yao hushamiri saa sita au saa saba usiku. Popo hawana mbio hizo. Wao huchakarika na kulia kwa vijisauti vyembamba, kama watu wanaogombana kwa kunong'ona, na kelele hupanda mara mbili kwa siku: kabla ya Magharibi wanapojiandaa kutoka, na alfajiri wanaporudi. Alasiri ya jua kali pia utawasikia, kwa sababu bati likichemka husogeasogea kutafuta mahali panapovumilika. Wala usidhani joto litawafukuza. Mops condylurus, popo mdogo mwenye mkia uliochomoza kama wa panya na mmoja wa wanaopenda sana mapaa ya nyumba zetu, hukaa bila shida penye nyuzi joto 40 na zaidi.

Kama bado una shaka, kinyesi kitakuamulia. Chukua punje moja kwa karatasi, uiminye. Ya popo husagika ikawa unga wenye vipande vinavyong'aa, ambavyo ni mabaki ya wadudu. Ya panya ni ngumu, haisagiki hivyo. Ya mjusi kafiri nayo ina wadudu ndani, ila ina ncha nyeupe upande mmoja. Nimeshaona mtu akinunua dawa ya popo kwa ajili ya mijusi.

Halafu kuna wanaolalamikia popo wa darini wakati dari lao ni safi kabisa. Ukikuta barazani kokwa za kungu, makapi ya matunda yaliyotafunwa na kutemwa, na michirizi ya kahawia ukutani, hao ni popo wa matunda. Wanabeba tunda kutoka kwenye mkungu au mwembe wako, wananing'inia upenuni kulila, kisha wanaondoka. Ukikuta mabawa ya nondo na miguu ya panzi imerundikana mahali pamoja chini ya upenu, huyo ni popo mmoja au wawili waliofanya baraza yako kuwa mkahawa wa usiku. Kwa hao wote usiguse bati wala dari. Washa taa ya baraza mfululizo kwa siku kadhaa, ning'iniza vipande vya kitambaa chepesi mahali wanapodandia, punguza matawi yaliyo karibu na upenu. Wengi huhama.

Dari lina madoa ya kahawia na chumba kinanuka

Kila mtu hudhani bati linavuja. Kipimo ni rahisi: doa la mvua hukua baada ya mvua, doa la popo linakua hata kiangazi. Mkojo wa popo una harufu kali ya amonia inayochoma pua, na huzidi mchana jua likiwa juu. Mara nyingi doa huwa chini ya mahali bati linapokutana na ukuta, au chini ya kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele, kwa kuwa ndipo wanapojibana.

Doa likiwa limelegeza bodi hadi ikashuka tumbo, usipite chini yake na usiigonge kwa fimbo. Kinyesi cha miaka kikirundikana kina uzito, na jipsamu iliyolowa haina nguvu. Hiyo bodi itabadilishwa, lakini baadaye, popo wakishaondoka. Ukiibadilisha leo utaibadilisha tena mwakani.

Wanatokea wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo, na haihitaji pesa. Inahitaji viti viwili na uvumilivu wa dakika 40.

Mchana, zunguka nyumba ukiangalia juu. Popo mdogo anapita kwenye mwanya unaoingia kidole chako kidogo, kwa hiyo usitafute shimo kubwa. Tafuta alama: punje za kinyesi zilizonata ukutani au kwenye kioo cha dirisha, na chini ya mwanya doa jeusi la mafuta, kama ukuta ulioegemewa na vichwa vya watu miaka mingi. Doa hilo ni la manyoya yao.

Sehemu za kuanzia ninazijua kwa idadi ya mara nilizozikuta. Kwanza ni migongo ya bati pale bati linapolala juu ya ukuta au juu ya fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Kila mgongo ni mlango, na mafundi wengi huuacha wazi. Pili ni kofia za juu ya paa, hasa pale zinapopishana au msumari ulipong'oka. Tatu ni fishabodi iliyojikunja kwa jua ikaacha ufa. Nyumba za paa la kuficha zina tatizo lao: nyuma ya ukuta wa juu, pale bati linapoingia ukutani, fundi huziba kwa saruji, saruji inapasuka, na wewe uliye chini huwezi kupaona kabisa. Hapo lazima mtu apande.

Jioni, kaa kona moja ya nyumba na mwenzako akae kona inayotazamana nayo kimshazari, ili kila mmoja aone pande mbili. Anzeni jua linapozama. Msiwashe taa za nje wala msimulike kwa tochi. Angalieni paa dhidi ya mwanga wa anga. Utaona tone linadondoka kutoka kwenye bati kisha linageuka kuwa ndege. Hawa popo wa mkia hawawezi kuruka moja kwa moja kama shomoro. Wanahitaji kudondoka kidogo ndipo wapate mwendo, na kwa sababu hiyo tundu lao huwa juu, lenye uwazi chini yake. Hesabuni wangapi na kutoka wapi. Rudieni jioni mbili au tatu. Jioni ya mvua au upepo mkali haihesabiki, wengine hawatoki.

Mkimaliza kuhesabu, giza likiwa limeingia vizuri, ingia ndani, zima televisheni, sikiliza. Dari likiwa kimya, vizuri. Ukisikia vijisauti vinaendelea wakati wakubwa wametoka, kuna watoto. Mtoto wa popo huzaliwa bila manyoya na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuruka. Ukimfungia mama nje, watoto wanakufa darini na mama anazunguka nyumba akitafuta tundu jipya, hata dirisha la chumbani kwako. Subiri. Popo hawa huzaa zaidi majira ya mvua, wadudu wanapokuwa wengi, kwa hiyo kwetu pwani mimi hufanya kazi hii kati ya Juni na Septemba, masika yakishapita na kabla ya vuli. Hata hivyo wengine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, basi kalenda isikuzuie kusikiliza.

Kuwatoa

Ziba matundu yote ambayo hukuona popo akitoka. Acha yale wanayotumia, moja au mawili. Juu ya hayo weka mlango unaoruhusu kutoka tu.

Ulio rahisi ni wavu wa plastiki wa madirisha, wenye matundu madogo. Kata kipande kinachozidi upana wa tundu kwa kiganja kila upande, kibane juu na pembeni kwa vipande vya mbao au mkanda imara, na chini ukiache huru kining'inie nusu mita hivi kupita tundu. Popo akitoka anateremka kati ya ukuta na wavu mpaka anapata nafasi. Akirudi alfajiri anatua palepale alipozoea, kwenye tundu, anakuta wavu. Hana akili ya kushuka chini akaingilie kwa chini. Usiubane wavu ukagusa ukuta, wala usiuache ukapepea mbali.

Kwenye kona ambazo wavu haukai, tumia kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 25 hadi 30, kikielekea chini, na mwisho wake ufungie mfuko mwepesi wa nailoni uliofunguliwa pande zote mbili. Popo anateleza anatoka, nailoni inajikunja nyuma yake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2019 nimekuwa nikitumia nailoni nyepesi inayofungiwa godoro jipya. Inafaa zaidi kuliko mfuko wa duka ulivyokuwa.

Acha kwa siku tano hadi saba zenye hali nzuri ya hewa. Kisha kaeni tena jioni mhesabu. Mkipata sifuri jioni mbili mfululizo, na dari likawa kimya alasiri ya jua kali, panda ukague kwa tochi, ondoa mlango wa muda, ziba siku hiyohiyo. Ukisema utaziba wikiendi ijayo, umewakaribisha upya.

Kuhusu kuziba: saruji tupu kwenye migongo ya bati hupasuka, maana bati hutanuka na kusinyaa kila siku. Tumia sponji zinazotengenezwa kwa umbo la migongo ya bati au wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliokunjwa na kusukumwa ndani, kisha silikoni pembeni. Wavu wa kuku hausaidii kitu. Popo anapita akiwa amekunja mabawa. Na usifunge kila upenyo wa hewa. Dari la bati lisilopumua litakuokea chumba. Mahali pa hewa weka wavu.

Makuti ni habari nyingine. Paa la makuti huwezi kuliziba, kwa hiyo weka dari safi chini yake na uzuie wasiingie vyumbani. Huko juu waache.

Nimeziba, lakini wamerudi

Ikiwa wamerudi ndani ya wiki, hukuhesabu pande zote za nyumba. Rudi kwenye viti. Ikiwa wamerudi baada ya miezi, kagua kofia za bati na fishabodi: upepo umelegeza kitu. Wakionekana wakizunguka nyumba kila alfajiri bila kuingia, huko si kurudi, ni kutafuta. Popo hukumbuka nyumba yao na watajaribu kwa siku nyingi. Vumilia, usibomoe chochote.

Na ukisikia sauti darini baada ya kuziba, fungua tundu moja usiku huohuo. Fungua hata kama silikoni haijakauka.

Nimejaribu dawa zote

Naftalini, yaani zile dawa nyeupe za nondo, hutawanywa darini kwa kilo. Popo husogea kona nyingine, harufu inashuka kwa watoto wako. Kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi isiyo adimu pwani, mvuke wa naftalini unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mimi naiona ni sumu ya wenye nyumba kuliko ya popo.

Moshi wa pilipili huwatoa jioni moja, wanarudi alfajiri, na kuna mbao kavu huko juu. Vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu vinauzwa kwa maneno matamu. Popo waliozaliwa darini huvizoea au hujibanza nyuma ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Taa kali iliyowashwa darini mchana na usiku inaweza kuwasumbua kama dari ni dogo na halina kona, lakini madari mengi yana kona, na nyaya za umeme karibu na mkojo wa popo sizipendi. Sumu ndiyo mbaya kuliko zote. Popo aliyelewa sumu hafi mahali pake. Anaanguka uani, sebuleni, mbele ya mtoto, akiwa bado anauma.

Popo ameingia chumbani

Zima pangaboi kwanza. Kisha toa watoto, funga mlango wa ndani, fungua dirisha ambalo wavu wake unafunguka au mlango wa nje, zima taa ya chumbani, mwache. Wengi hutoka ndani ya dakika chache. Akiwa sakafuni, hawezi kuruka vizuri kutoka hapo. Mfunike kwa boksi, telezesha karatasi ngumu chini yake, mpeleke ukamweke juu ya shina la mti au juu ya ukuta. Usimshike kwa mkono mtupu, hata akionekana amekufa.

Akimuuma au kumkwaruza mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaeleze kwamba ni popo, ili waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Fanya vivyo hivyo kama umemkuta popo chumbani kwa mtoto mchanga au mtu aliyelewa, ambaye hawezi kusema kama ameguswa. Jeraha la popo linaweza kuwa dogo kiasi cha kutoonekana. Mbwa ndiye chanzo cha karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwetu, lakini virusi vya jamii hiyo vimo pia kwa popo: mwaka 2007 mtalii Mholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo nchini Kenya, akafariki aliporudi kwao kwa kirusi cha Duvenhage. Mwaka 2009 kirusi kingine kilipatikana kwa popo wa pango la Shimoni, kusini mwa Mombasa.

Watu huniuliza kuhusu Marburg, hasa baada ya milipuko ya Kagera ya 2023 na 2025. Popo anayehusishwa na Marburg ni popo wa matunda anayeishi mapangoni na migodini, si yule mdogo anayekula wadudu chini ya bati lako. Kwa popo wa darini kumepatikana kirusi cha Bombali, ndugu wa Ebola, kwanza Sierra Leone kisha Taita huko Kenya. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwacho. Hivyo vyote vinatosha kukufanya uvae glavu, havitoshi kukufanya uhame. Visiwani hofu ya popo ina historia yake. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini anayesimuliwa kuwavamia watu usiku, iliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje makundi kwa makundi. Popo wa darini hana habari hizo.

Kusafisha

Hatari ya kila siku kwa mwenye nyumba ni vumbi. Kwenye kinyesi kikavu cha popo huweza kuota kuvu liitwalo Histoplasma; ukilivuta, linashambulia mapafu, na dalili zake, kikohozi, homa, kupungua uzito, zinafanana na TB kiasi cha watu kutibiwa TB isiyokuwepo. Ukiugua kifua wiki chache baada ya kusafisha dari, mwambie daktari uliingia darini.

Usifagie. Zima umeme kwenye swichi kubwa. Vaa barakoa ya N95 inayobana pande zote, miwani, glavu na nguo utakazofua peke yake. Nyunyiza maji yenye sabuni kwa bomba la kupulizia maua, kidogokidogo, mpaka kinyesi kiwe na unyevu bila kulowesha jipsamu, kisha kokota kwa koleo la plastiki utie kwenye viroba na uvifunge hukohuko juu. Tembea juu ya mbao za kenchi, si juu ya bodi. Bodi iliyojaa mkojo itoe tu. Kuisugua ni kupoteza siku. Kinyesi hicho ni mbolea nzuri, lakini kichimbie kwenye udongo kikiwa na unyevu, usikitawanye kikavu bustanini.

Ukivuna maji ya mvua kutoka kwenye bati hilo, fungua tangi uangalie. Kinyesi kilichodondokea gata kinaishia humo. Safisha gata, mwaga maji ya mvua ya kwanza ya msimu, na ya kunywa uyachemshe.

Popo wameondoka, sasa tunaumwa usiku

Kuna kunguni wa popo, anayefanana na wa kitandani mpaka macho ya kawaida hayawezi kuwatofautisha. Mwenyeji wake akiondoka, njaa inamshusha kwenye nyufa za dari. Kupulizia godoro peke yake hakutamaliza. Ziba nyufa za ukingo wa dari na matundu ya taa, na upulize dawa ya kunguni darini baada ya kuondoa kinyesi, hasa kwenye mbao walizokuwa wamejibana. Kwa wiki chache hali hutulia.

Jambo moja la ujirani. Popo wakitolewa kwako hutafuta bati la karibu lenye mwanya. Wa kwangu walihamia nyumba ya tatu, na mwenye nyumba hiyo alikuja kuniuliza kwa sauti ambayo sikuipenda. Siku hizi kabla ya kuweka wavu hupita kwa majirani nikiwa na tochi, tukakagua mabati yao pamoja.